Uzi: Kituo kikubwa cha kuchambua barua kinaharakisha posta au kinaichelewesha?

#1 Mpenda Barua (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Shirika la posta likitangaza kituo kipya cha kuchambua barua na vifurushi, tunaonyeshwa mikanda mirefu, mashine mpya na idadi ya vifurushi vinavyopita kwa saa. Miezi michache baadaye wateja wanalia kwamba hali ni mbaya kuliko zamani. Na bado kuna mahali ambapo kituo cha aina hiyo hiyo kimefanya kazi vizuri kabisa, barua ya siku tatu ikawa ya kesho yake. Jambo hili nimelifuatilia kwa muda mrefu, na msimamo wangu ni huu: hatima ya kituo huamuliwa mlangoni, yaani saa mifuko inapoingia na saa malori yanapotoka. Mashine zinakuja baadaye.

Kwanza, kwa nini vituo vipo? Chukua ofisi 40 za posta, kila moja ina barua za kwenda kwa nyingine 39. Kila ofisi ikitaka kupeleka mfuko wake moja kwa moja kwa kila mwenzake, zinahitajika safari 1,560. Weka kituo kimoja katikati, kila ofisi ilete mzigo wake wote na ichukue wa kwake, safari zinakuwa 80. Tena katika zile 1,560 nyingi zingebeba mfuko wenye barua mbili tatu tu, kwa hiyo posta yoyote yenye bajeti ingesubiri mfuko ujae kwanza ndipo isafirishe. Barua ingelala siku kadhaa ofisini kabla haijaanza safari. Kituo kinaondoa usubiri huo, kwa sababu kila siku kuna mzigo wa kutosha kwenda kila upande.

Mfano maarufu ni wa Federal Express pale Memphis, Marekani. Usiku wa 17 Aprili 1973 ndege 14 zilibeba vifurushi 186 kwenda miji 25. Kila kifurushi kilipitia Memphis, hata kama kinakotoka na kinakokwenda ni miji jirani. Ukitazama ramani utasema ni upotevu wa mafuta. Lakini ndege zote zilitua usiku, mzigo ukachambuliwa mara moja, zikaruka kabla hakujakucha. Mzunguko wa njia haukumgusa mpokeaji hata kidogo, kwa kuwa ulifanyika wakati amelala. Shikeni hilo, nitalirudia: umbali unaomezwa na usiku hauna gharama ya muda kwa mteja. Umbali unaovuka saa ya tarishi kuondoka asubuhi unamgharimu siku nzima.

Sasa upande wa pili. Oktoba 1966 posta kuu ya Chicago, jengo lililokuwa kubwa kuliko ofisi zote za posta duniani wakati huo, ilikwama. Takriban barua na vifurushi milioni 10 vilirundikana, magari yakajaa hadi nje yasijue pa kushushia. Jengo lilikuwa la ghorofa nyingi, mzigo ukipandishwa na kushushwa, na ujazo wa barua ulikuwa umekua kuliko njia zake za ndani. Mkwamo ule uliwashtua Wamarekani kiasi kwamba iliundwa tume ya rais, ikatoa ripoti mwaka 1968, na sheria ya mwaka 1970 ikaigeuza idara ya posta kuwa shirika lililoanza kazi Julai 1971. Jengo moja liliziba, nchi nzima ikabadili sheria. Ukikusanya kazi mahali pamoja, hitilafu nayo umeikusanya hapo hapo.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawaliunganishi na vituo, nalo ni postikodi. Marekani ilianzisha postikodi za tarakimu tano tarehe 1 Julai 1963. Tarakimu tatu za mwanzo zinakupeleka kwenye kituo cha eneo cha uchambuzi, mbili za mwisho zinakupeleka kwenye ofisi inayogawa. Maana yake namba ile ni ramani ya vituo iliyoandikwa juu ya bahasha. Ujerumani ilifanya vivyo hivyo baada ya kuungana: tarehe 1 Julai 1993 ikaanza tarakimu tano, zile mbili za mwanzo zikionyesha eneo, kisha ikajenga vituo vipya 83 vya barua na 33 vya vifurushi, vikachukua kazi iliyokuwa imetawanyika kwenye ofisi nyingi mno. Wajerumani walipanga anwani, majengo na malori kama kazi moja. Ninaamini hiyo ndiyo sababu mfumo wao ulisimama.

Kabla ya vituo hivi, sehemu kubwa ya kazi ilifanyika ndani ya treni. Uingereza ilikuwa na mabehewa ya kuchambulia barua tangu 1838 hadi Januari 2004. Marekani ilianza rasmi 1864 na behewa la mwisho likafunga safari mwaka 1977. Makarani walisimama mbele ya vishubaka huku treni inakwenda, na walipofika mjini mifuko ilikuwa tayari. Uchambuzi haukuongeza hata dakika moja, kwa sababu ulifanyika ndani ya muda wa safari. Kituo cha ardhini kilipoichukua kazi ile, muda wa kuchambua ukatengana na muda wa kusafiri na kujumlishwa juu yake. Mashine inaufupisha sana, ni kweli, lakini lazima kila siku ishindane na karani aliyekuwa akichambua huku anasafiri.

Tuje kwenye miaka ya karibuni. Kuanzia 2012 shirika la posta la Marekani liliunganisha vituo vingi, na Januari 2015 likalegeza viwango vyake hata barua ya kawaida ya mtu binafsi, inayotumwa moja moja, ikaacha kuahidiwa kufika kesho yake. Sababu iliyotolewa ni akiba. Wakaguzi wa ndani walipopitia hesabu za awamu ya pili ya uunganishaji huo, akiba iliyopatikana ilikuwa chini ya sehemu moja ya kumi ya iliyotarajiwa. Machi 2021 ukaja mpango mwingine wa miaka kumi wa kujenga vituo vikubwa vya kanda. Cha Richmond kikafunguliwa Julai 2023, cha Atlanta, jimbo la Georgia, pale Palmetto, Februari 2024. Kote kuwili huduma ikaporomoka. Aprili 2024 seneta wa Georgia alimkabili mkuu wa posta mbele ya kamati na takwimu kwamba ni asilimia 36 tu ya barua zinazoingia eneo lile zilizokuwa zikifika kwa wakati. Mwezi uliofuata uunganishaji mwingine ukasitishwa hadi Januari 2025.

Ukisoma yaliyoonekana Richmond, huoni mashine ikilaumiwa sana. Unaona watumishi wasiotosha au walio kwenye zamu isiyo sahihi, ratiba za malori zisizolingana na muda wa uchambuzi kumalizika, mizigo iliyofika baada ya mlango kufungwa. Jengo lilikuwa tayari, saa hazikuwa tayari.

Nawasilisha. Walio ndani ya kazi hii waje watusaidie.

#2 Zamu ya Usiku

Mkuu, asante kwa uzi. Niko kwenye kazi ya kuchambua na hapo kwenye saa umegusa penyewe.

Mashine ya kisasa ya bahasha inapitisha takriban barua 30,000 kwa saa. Mashine za zamani za kubonyeza zilimtaka karani asome anwani moja kila sekunde na kubonyeza namba, na makarani kumi na wawili wakikaa pamoja walikuwa wanakimbilia kiwango hicho hicho. Kwa hiyo kasi ya mashine tunayo. Kinachotuchosha ni kile mashine inachokikataa: bahasha iliyokunjamana, anwani iliyoandikwa juu ya karatasi inayong'aa, kifurushi kilichofungwa kamba, mfuko laini wa plastiki unaoteleza kati ya mikanda miwili. Hivi vinatolewa pembeni na kusubiri mtu. Mtu huyo mmoja ndiye anayeamua kama kituo kimemaliza kazi saa kumi alfajiri au saa mbili asubuhi.

Wamarekani walipopata tabu hiyo walipiga picha bahasha isiyosomeka, picha ikaenda kwa msomaji aliye mbali, yeye akaandika anwani na barua ikaendelea bila kushuka kwenye mkondo wake. Mwaka 1997 walikuwa na vituo 55 vya kusoma picha tu. Vimepungua sana tangu mashine zijifunze kusoma mwandiko wa mkono. Ukiniuliza wapi pa kuweka fedha kwanza, nitakwambia pale kwenye mikataliwa, kabla hujanunua mkanda mwingine.

Jambo la pili ni dakika kumi za mwisho. Lori linatakiwa kuondoka, msimamizi anaambiwa kuna mifuko miwili bado. Akisubiri, ofisi zote za mbele zinachelewa. Akiondoka, mifuko ile inalala. Kila kituo kinatakiwa kiwe na sheria iliyoandikwa kwa hali hii, isiachwe kwa hasira au huruma ya mtu wa zamu. Mimi niko upande wa kuondoka kwa saa, na mifuko iliyobaki ipewe gari la pili dogo.

#3 Mkazi wa Mbali

Nimesoma yote. Lakini naona mnazungumza kama watu walio karibu na kituo. Sisi tulio mwisho wa njia ndio tunaolipia hizi hesabu za safari 80.

Zamani barua ya kutoka ofisi yetu kwenda ofisi jirani ilichambuliwa hapo hapo na kugawiwa kesho. Kituo kikihamia mbali, barua hiyo inasafiri kwenda kituoni na kurudi ili impate mtu anayekaa ng'ambo ya barabara. Huko Marekani walikwenda mbali zaidi: ofisi zilizo zaidi ya maili 50 kutoka kituo cha kanda, gari la jioni likaondolewa. Gari linaloleta barua asubuhi ndilo linalochukua zilizowekwa jana. Kwa hiyo barua yako inalala usiku mmoja ofisini kabla haijaguswa na mtu. Kisha Aprili 2025 viwango vikabadilishwa ili siku hiyo ihesabiwe kuwa ni ya kawaida.

Hilo la mwisho linaniuma. Ukichelewesha huduma kisha ukasogeza kipimo, kwenye karatasi unafanya vizuri. Anayesubiri dawa yake kwa posta hajapata nafuu yoyote.

#4 Mpenda Barua (mleta uzi)

Ndugu yangu wa #3, nakubaliana na wewe kwa uchungu wako na kwa hoja yako. Tume inayosimamia posta ya Marekani nayo ilitoa maoni Januari 2025 ikiukosoa mpango huo, hasa kwa jinsi unavyowaelemea watu wa vijijini.

Ila tutenganishe mambo mawili. Kufuta gari la jioni ni uamuzi wa usafiri. Unaweza kuwa na kituo kikubwa cha kanda na bado ukaacha gari la jioni liende. Waliamua kuokoa fedha za safari, na kituo kikawa kisingizio. Ndiyo maana nasema kila mpango wa kituo usomwe pamoja na ratiba ya mwisho ya kila ofisi inayolishwa nacho: gari lilikuwa likiondoka saa ngapi, sasa litaondoka saa ngapi, na mzigo unarudi saa ngapi. Kurasa tatu za ratiba hiyo zinasema ukweli kuliko kitabu kizima cha faida za mashine.

Na kuhusu barua za jirani kwa jirani, zipo posta zilizobakiza uchambuzi mdogo wa mkono kwenye ofisi za pembezoni kwa ajili ya barua za eneo hilo peke yake. Mhasibu ataona ni kazi inayojirudia. Lakini pale ambapo sehemu kubwa ya barua haitoki nje ya eneo, vishubaka vichache na karani mmoja vinaipiku mashine ya mbali.

#5 Hesabu Kwanza

Naomba kuongezea upande wa foleni, kwa sababu hapa ndipo mipango mingi ya vituo inapojidanganya.

Mpangaji anapenda kituo kitumike karibu na uwezo wake wote, anaona mashine inayosimama ni fedha iliyolala. Sasa angalia kanuni rahisi ya foleni ya mtoa huduma mmoja, mizigo ikija bila mpangilio. Kituo kikitumika kwa asilimia 80, mzigo husubiri kwa wastani mara 4 ya muda wa kuhudumiwa. Kikifika asilimia 90, mara 9. Kikifika 95, mara 19. Umeongeza kazi kidogo tu, usubiri umeruka karibu mara tano. Kituo halisi kina mashine nyingi na mizigo yake huja kwa mawimbi, kwa hiyo tarakimu zitakuwa nyingine, ila umbo la mchoro ni hilo hilo: mstari unatambaa, unatambaa, halafu unapanda kama ukuta.

Ukifunga vituo vinne na kuhamishia mzigo kwenye kimoja chenye uwezo wa jumla ule ule, unapata faida siku za kawaida, maana mawimbi ya sehemu mbalimbali yanasawazishana. Hiyo ni faida ya kweli na nisingependa ipuuzwe. Lakini ukifunga vinne na kile kimoja kikapewa uwezo wa vitatu "kwa sababu ni cha kisasa", umeula upenyo wote, yaani uwezo wa akiba. Msimu wa sikukuu ukija, au theluji ikifunga barabara siku moja, mrundikano unachukua majuma kwisha. Ulichobaki nacho cha kupunguzia mrundikano ni tofauti kati ya uwezo na mzigo wa kila siku, na tofauti hiyo uliishaiuza.

Ningependa kila kituo kipya kiseme wazi: mrundikano wa siku moja nzima tutaumaliza kwa siku ngapi?

#6 Mama Vifurushi

Jamani somo zuri. Mimi nauza vitu mtandaoni na kutuma nje ya nchi. Swali langu: kifurushi kinaonyesha "kimeondoka ofisi ya ubadilishanaji", kisha kimya siku nyingi. Hiyo ofisi ya ubadilishanaji ni kituo cha aina hii mnayoizungumzia? Na kwa nini kimya?

#7 Mtu wa Mizigo

Dada, ndiyo. Ni kituo maalumu kwa ajili ya mzigo unaoingia na kutoka nchini, na kila kimoja kina utambulisho wake katika orodha ya Umoja wa Posta Duniani, ule ulioanzishwa Bern mwaka 1874. Marekani, kwa mfano, inavyo vya New York, Los Angeles, Chicago, Miami na San Francisco.

Kifurushi chako kina namba ya herufi mbili, tarakimu tisa na herufi mbili za nchi. Ikianza na E ni huduma ya haraka, C ni kifurushi, R ni kilichosajiliwa, L ni kile kidogo kinachofuatiliwa. Tarakimu ya tisa ni ya kuhakiki zile nane, mashine ikisoma vibaya inajua.

Ujumbe wa "kimeondoka" kwa kawaida unaandikwa mfuko unapofungwa na kuingizwa kwenye orodha ya shehena. Ndege inaweza kuwa bado. Ukimya unaouona ni muda wa kusubiri nafasi ya ndege, safari yenyewe, na mfuko kusubiri kufunguliwa upande wa pili. Katika kipindi hicho hakuna anayekiskani kifurushi kimoja kimoja, mfuko ndio unaoskaniwa. Baada ya hapo kuna forodha.

Jambo ambalo liko mikononi mwako ni maelezo ya kilichomo. Umoja wa Ulaya tangu Machi 2021 unataka taarifa za kielektroniki za bidhaa zitangulie kabla mzigo haujapakiwa, na Marekani ina sheria ya namna hiyo ya mwaka 2018. Ukiandika "zawadi" tu, kifurushi kinaweza kuzuiwa kabla hakijaondoka. Andika ni nini hasa, kimetengenezwa kwa malighafi gani, vingapi, thamani yake. Kituo kikipata taarifa hizo mapema, forodha inaamua kipi ipekue na kipi ipitishe mfuko ukiwa bado hewani. Hapo kituo maalumu kinaonyesha thamani yake hasa, kwa sababu posta, forodha na ukaguzi wa usalama wanakaa chini ya paa moja na kusoma taarifa ile ile.

#8 Mama Vifurushi

Nimeelewa sana, ubarikiwe. Kumbe "zawadi" yangu ndiyo iliyokuwa inawapa kazi. Nabadilisha kuanzia leo.

#9 Mkazi wa Mbali

Mleta uzi, bado hujajibu la vipimo. Nani apime?

#10 Mpenda Barua (mleta uzi)

Ni kweli, hilo nalidaiwa.

Kituo kikijipima chenyewe kitapima kile kilicho ndani ya kuta zake: vipande kwa saa, vipande kwa mtumishi, asilimia iliyosomwa na mashine. Vyote ni vya lazima kwa msimamizi, na vyote vinaweza kupanda huku barua zikichelewa. Mfuko uliokaa nje kwenye lori ukisubiri mlango hauonekani kwenye kipimo hicho hata kidogo.

Ulaya waliandika sheria mwaka 1997 kwa barua zinazovuka mipaka kwa huduma ya haraka ya kawaida: asilimia 85 zifike ndani ya siku tatu, na asilimia 97 ndani ya siku tano, kuanzia inapowekwa hadi inapofika kwa mpokeaji. Zinapimwa kwa barua za majaribio zinazotumwa na watu wa kawaida walioajiriwa na taasisi huru, posta haijui ni zipi. Naupenda mno ule mstari wa pili wa asilimia 97, kwa sababu unawalinda wale wa mwisho. Wastani ungewaficha. Kituo kikiboresha barua za mjini na kuziharibu za pembezoni, wastani unapanda na watu kama wewe mnasahaulika.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: apime mtu wa nje, apime mlango kwa mlango, na matokeo yatolewe kwa kila eneo la postikodi, kabla kituo hakijafunguliwa na baada yake. Bila vipimo vya kabla, kila mtu atashinda ubishi kwa kumbukumbu zake.

#11 Zamu ya Usiku

Niongeze moja ambalo halijatajwa, kabla sijaingia kazini. Tangu miaka ya 1990 mashine zetu zinaweza kupanga barua kwa mfuatano wa nyumba ambao tarishi atatembea. Zamani alitumia saa nyingi za asubuhi akipanga mwenyewe kwenye vishubaka kabla ya kutoka. Sasa trei inafika imepangwa, anatoka mapema na njia yake inaweza kuongezwa urefu. Kwa macho yangu hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote ambayo kituo kinampa mtu wa mwisho.

Lakini inahitaji mashine ipitishe barua zile zile mara mbili, na raundi ya pili haianzi mpaka ya kwanza imalizike yote. Lori moja likichelewa kutuletea mzigo jioni, tuna machaguo mawili: kuisubirisha raundi ya pili ya njia zote, au kuziacha barua za lori lile zipangwe kwa mkono na tarishi. Siku hizi tunaziacha. Tarishi analalamika, na ana haki, ila njia nyingine zote zinatoka kwa wakati.

#12 Hesabu Kwanza

Basi kwenye ile ratiba anayoidai mleta uzi kuwe na safu moja zaidi: lori la mwisho linaloruhusiwa kuingia raundi ya kwanza ni la saa ngapi, na ni ofisi zipi zinazoshindwa kulifikia. Ofisi hizo zijulikane kwa majina kabla jengo halijaanza kujengwa.